Vitabu vya picha vya tafsiri katika kufundisha watoto lugha

Vitabu vya picha vya tafsiri ni vitabu vya hadithi kwa watoto wadogo ambavyo picha zake hubaki zilezile huku maneno yakiandikwa upya katika lugha nyingine. Hutumika kumfundisha mtoto lugha mpya kwa sababu picha humpa maana kabla hajaelewa maneno. Njia hii inajulikana zaidi katika ufundishaji wa lugha kubwa za kigeni kama Kihispania, Kiingereza na Kifaransa. Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, kazi yake kubwa ni nyingine: kumsaidia mtoto anayezungumza lugha ya jamii nyumbani aingie katika Kiswahili anapoanza shule. Makala hii inaeleza njia hiyo kwa kuangalia hasa eneo la Ndanda, Masasi na Newala katika Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, kisha inaonyesha jinsi vitabu hivyohivyo vinavyoweza kumfikisha mtoto wa Kiswahili kwenye Kihispania.

Mazingira ya lugha

Ndanda iko katika Wilaya ya Masasi, chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde, kando ya barabara inayotoka pwani kwenda Masasi. Juu ya uwanda, upande wa Newala, lugha ya nyumbani ni Kimakonde. Masasi na vijiji vyake wanaishi Wamakua na Wayao, na kuanzia Ndanda kuelekea Mkoa wa Lindi wamo Wamwera. Sokoni, hospitalini na katika shule za bweni watu hawa wote huunganishwa na Kiswahili, na watoto wengi wa mjini siku hizi hukua nacho tangu utotoni. Vijijini hali hutofautiana nyumba kwa nyumba. Mtoto anayelelewa na bibi, wazazi wakiwa shambani au wamekwenda mjini kutafuta riziki, huweza kufika darasa la awali akiwa na Kiswahili cha dukani tu: salamu, majina ya vitu vichache na hesabu ya fedha.

Lugha hizi zote ni za Kibantu, kwa hiyo mtoto haji shuleni mikono mitupu. Anajua tayari kwamba nomino zina ngeli na kwamba kitenzi na kivumishi hufuata ngeli ya nomino. Jambo hilo humtoa jasho mgeni wa Ulaya, lakini mtoto wa Kimakonde analo kichwani ingawa hawezi kulieleza. Vikwazo vyake viko kwingine. Kimakua, kwa mfano, hakitumii sauti b, d na g kama Kiswahili kinavyozitumia. Tofauti kubwa katika lugha hiyo ni kati ya p, t na k zinazotamkwa kwa pumzi na zile zisizo na pumzi. Pia hakina mifuatano ya mb, nd na ng inayojaa katika Kiswahili. Mtoto wa Kimakua akisikia "bata" na "pata", au "doa" na "toa", anaweza kusikia neno moja. Akiandika "pata" chini ya picha ya bata, mwalimu asiyeijua lugha yake humwona mzembe, kumbe ameandika alichosikia.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Uamuzi huo ulileta faida kubwa, kwani uliwapa mamilioni ya watoto elimu katika lugha ya Kiafrika na kulijenga taifa. Lakini lugha za jamii hazikupewa nafasi rasmi darasani, hata kwa mwaka wa kwanza tu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua kuwa hazina ya taifa na kuhimiza zifanyiwe utafiti, ila haikuzifanya lugha za kufundishia. Ng'ambo ya Mto Ruvuma mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2003 Msumbiji ilianza kuingiza elimu ya lugha mbili katika baadhi ya shule zake, na Kimakonde na Kimakua ni miongoni mwa lugha zilizochaguliwa. Kwa hiyo watoto wa jamii moja, waliotenganishwa na mto, wanaweza kuanza kusoma kwa njia mbili zisizofanana: mmoja kwa lugha ya mama yake akielekea Kireno, mwingine moja kwa moja kwa Kiswahili.

Matokeo ya kuanza shule bila lugha huonekana mapema. Mtoto hunyamaza. Huitikia kwa pamoja na wenzake, hunakili kutoka ubaoni kwa mwandiko mzuri, na mwalimu huweza kufika muhula wa pili kabla ya kugundua kwamba haelewi anachosoma. Tafiti za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010, zilionyesha kuwa wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sababu za hali hiyo ni nyingi, kuanzia wingi wa wanafunzi hadi uhaba wa vitabu, na lugha ya nyumbani ni mojawapo.

Historia

Kitabu cha picha kilianza kama chombo cha kufundishia lugha. Mwaka 1658 mwalimu na mwanatheolojia Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha huko Nuremberg kitabu kiitwacho Orbis Pictus. Kila ukurasa ulikuwa na picha iliyotiwa namba, na chini yake maneno ya Kilatini na Kijerumani yaliyofuata namba hizo. Mwaka uliofuata toleo la Kiingereza lilitoka London. Wazo lake lilikuwa jepesi: mtoto aone kitu kwanza, ndipo asikie jina lake katika lugha anayoijua na ile asiyoijua.

Kusini mwa Tanzania vitabu vililetwa na misheni. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifungua kituo cha Masasi mwaka 1876, wakiwa na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kiongozi wao, Edward Steere, alikuwa amekwisha kuchapisha mkusanyo wa ngano za Kiswahili za Unguja mwaka 1870. Wabenedikto wa Kikatoliki walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, baada ya Vita vya Majimaji kuharibu vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao. Baadaye Ndanda ilipata kiwanda cha uchapaji, Ndanda Mission Press, ambacho jina lake linafahamika kwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Vitabu vingi vya mwanzo vya misheni vilikuwa vya dini na vya shule, vyenye maneno mengi na picha chache.

Tafsiri za hadithi za kigeni kwa ajili ya wanafunzi zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati vitabu kama Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilipotolewa kwa Kiswahili. Kwa historia ya picha, kitabu muhimu zaidi ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya hadithi ya Lewis Carroll iliyochapishwa London mwaka 1940. Picha za asili za John Tenniel zilichorwa upya humo, na Elisi akaonekana kuwa msichana wa Kiafrika. Aliyefanya uamuzi huo alitambua kwamba kutafsiri maneno peke yake hakutoshi ikiwa mtoto anayesoma hawezi kujiona katika ukurasa.

Baada ya uhuru mkazo ulihamia kwenye utunzi wa Watanzania wenyewe. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Uliwapa wachapishaji wa ndani soko la uhakika kwa kununua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzigawa shuleni. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha kampuni ya Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam, ambayo pia imetoa vitabu vya watoto. Wakati mwingine safari ya kitabu ilikwenda kinyume. Mchoraji wa Kitanzania John Kilaka, anayechora wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, alitoa vitabu vyake kwanza nchini Uswisi kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndipo vikatafsiriwa kwa Kiingereza na lugha nyingine. Wanyama wa hadithi za Rukwa walisomwa Basel kabla ya kusomwa Masasi, na hilo linasema mengi kuhusu nani ana fedha za kuchapa vitabu vya rangi.

Miaka ya 2010 ilileta vitabu vya hadithi kwa wingi zaidi katika mikoa ya kusini. Mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza, uliufikia Mkoa wa Lindi na kuendesha mafunzo mafupi ya utayari wa shule yaliyojengwa juu ya hadithi, kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka 2016, ulifanya kazi Mtwara, Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar katika kukuza usomaji wa Kiswahili wa madarasa ya mwanzo.

Matumizi darasani

Kosa la kawaida ni kulichukulia kitabu cha picha kama kitabu cha kiada chenye rangi: mwalimu husoma sentensi, watoto huirudia kwa sauti kubwa, ukurasa hufunuliwa. Namna hiyo watoto hukariri kitabu kizima bila kujua kinahusu nini. Kitabu cha tafsiri kinafundisha lugha pale tu ambapo mtoto amekwisha kuielewa hadithi kabla ya kukutana na maneno yake mapya.

Kwa hiyo kazi huanza na picha peke yake. Mwalimu hufunika maneno kwa mkono au kipande cha karatasi na kufunua kurasa polepole. Huuliza: huyu ni nani, anafanya nini, unadhani atakwenda wapi? Hapo watoto hujibu kwa lugha yoyote waliyo nayo. Mwalimu anayejua Kimakonde au Kimakua hupokea jibu hilo na kulirudisha kwa Kiswahili kwa sentensi fupi, bila kumkosoa mtoto. Asiyejua lugha ya darasa lake, na walimu wa namna hiyo ni wengi kwa kuwa hupangiwa vituo kutoka mikoa yote, anaweza kumtumia mtoto mwenye lugha mbili au mzazi aliyejitolea. Hatua hii huchukua nusu ya kipindi, na walimu wenye haraka huiruka. Ndiyo isiyofaa kurukwa.

Usomaji wenyewe hufuata siku hiyo au kesho yake. Kitabu kimoja husomwa kwa wiki nzima na si siku moja. Siku ya kwanza watoto husikiliza. Siku ya pili huitikia kibwagizo. Siku ya tatu huigiza, na siku zinazofuata baadhi yao husimulia wenyewe wakifuata picha. Mwalimu aliyezoea huonyesha neno kwa kidole wakati analitamka, ili watoto watambue kwamba alama zile ndizo zinazosema.

Hadithi zenye kurudiarudia ndizo zinazofaa zaidi. Tuseme kitabu kinahusu bibi mzee anayepoteza vitu vyake kimoja baada ya kingine. Ukurasa wa kwanza anauliza: "Jembe langu liko wapi?" Wa pili: "Kisu changu kiko wapi?" Wa tatu: "Ufunguo wangu uko wapi?" Wa nne: "Kofia yangu iko wapi?" Swali ni lilelile, kinachobadilika ni ngeli. Mtoto husikia liko, kiko, uko na iko kila kimoja mahali pake, na baada ya wiki moja huzitumia bila kufundishwa jedwali lolote. Walimu wanaofundisha ngeli kwa kuziandika ubaoni katika madarasa ya mwanzo hujichosha bure. Watoto wa Kibantu huzikamata kwa sikio.

Kwa watoto wa Kimakua kitabu chenye bata, dirisha na gari kina faida ya ziada, kwa kuwa picha hutenganisha maneno ambayo sikio bado linayachanganya. Mwalimu huweka picha ya bata na kutamka neno, kisha hutaja "pata" na kuwataka watoto waseme kama neno hilo ni la picha ile au si lake. Ni mchezo wa dakika tano, na ukirudiwa kila siku husaidia kuliko mkwaju.

Tatizo kubwa la vitendo ni idadi. Darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 80 si jambo la ajabu, na kitabu chenye ukubwa wa daftari hakionekani na aliyekaa nyuma. Walimu wengi huchora upya kurasa kwenye karatasi za manila, au kwenye mifuko ya salfeti iliyopasuliwa na kushonwa pamoja, ambayo haichaniki na hustahimili vumbi na mvua za masika. Wengine hugawa darasa: kundi moja husikiliza hadithi chini ya mwembe wakati lingine linaandika. Mahali ambapo kuna nakala chache, ni bora zikae katika kona ya darasa ambapo watoto wanaweza kuzishika. Kabati la ofisi ya mwalimu mkuu hulinda vitabu dhidi ya mchwa na wezi, na dhidi ya wasomaji pia.

Kazi ya mtafsiri

Kitabu cha watoto wadogo kina maneno machache, kwa hiyo kila neno lina uzito. Mtafsiri anayetafuta usahihi wa kamusi huweza kuharibu kitabu chote. Jambo la kwanza ni urefu. Sentensi ya maneno sita ya Kiingereza huweza kuwa maneno matatu ya Kiswahili, ila maneno hayo ni marefu: "hatutawasahau" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Mtoto anayeanza kusoma silabi hukata tamaa mbele ya neno kama hilo. Mtafsiri mzuri hulivunja, akaweka vitenzi vya silabi chache na nomino za kila siku, hata kama italazimu kuacha kitu.

Jambo la pili ni vitu vilivyomo katika picha. Vitabu vingi vya Ulaya vina tufaha, theluji, mkate wa kukatwa vipande na treni ya chini ya ardhi. Neno "tufaha" lipo katika Kiswahili, lakini mtoto wa Newala aliyeona picha ya tunda jekundu lenye mviringo anaweza kulitaja "bibo", tunda la mkorosho analolijua tangu anatambaa. Akikosolewa, hujifunza kwamba vitabu si vya watu kama yeye. Akiachwa, hujifunza neno lisilo la picha hiyo. Njia ya busara ni mwalimu kulikubali bibo kama mfano wa tunda, kisha kuuliza tofauti: hili lina korosho chini yake? Hapo maneno mawili yamefundishwa badala ya moja. Lakini kitabu ambacho kila ukurasa unadai maelezo ya namna hiyo hakifai kwa darasa la awali, na ni afadhali kuchagua kingine chenye mihogo, kuku na njia ya vumbi.

Majina nayo huamuliwa. Kitabu cha Eileen Browne kuhusu msichana Handa, anayebeba kikapu cha matunda kichwani na kuibiwa na wanyama mmoja mmoja, kilitoka Uingereza mwaka 1994, na hadithi yake inatokea magharibi mwa Kenya. Katika toleo la Kihispania msichana huyo anaitwa Nandi. Mabadiliko ya namna hiyo ni ya kawaida, kwa sababu jina linalopendeza katika lugha moja linaweza kuwa gumu au la kuchekesha katika nyingine. Hadithi hiyo ni mfano mzuri pia kwa kuwa picha zinasimulia jambo ambalo maneno hayalisemi: msomaji anauona wizi ambao Handa mwenyewe hauoni. Watoto hupiga kelele kumwonya, kila mmoja kwa lugha yake.

Jambo la tatu ni mdundo. Kitabu cha watoto husomwa kwa sauti, na tafsiri inayosomeka vizuri kimyakimya huweza kukwama mdomoni. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya mwisho kasoro moja, jambo linalokipa mwendo wa ngoma usiobadilikabadilika. Mtafsiri anayesoma kazi yake kwa sauti mbele ya watoto watatu au wanne hugundua makosa mengi kuliko anayepeleka mswada kwa wahariri watatu.

Maktaba huria za mtandaoni

Kuanzia mwaka 2014 tafsiri imekuwa rahisi zaidi kwa sababu ya vitabu vyenye leseni huria, vinavyoruhusu mtu yeyote kuvitafsiri, kuvibadilisha na kuvichapa bila kulipia. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Johannesburg, una hadithi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. StoryWeaver ya shirika la Pratham Books nchini India ilifunguliwa mwaka 2015 kwa utaratibu unaofanana. Book Dash ya Afrika Kusini huwakusanya waandishi na wachoraji kwa siku moja kutengeneza vitabu vipya.

Manufaa yake kwa lugha kama Kimakonde na Kimwera ni makubwa kuliko kwa Kiswahili. Mchapishaji wa biashara hawezi kuchapa kitabu cha rangi kwa lugha isiyotumika shuleni, kwa kuwa hana mnunuzi. Katika maktaba hizi picha zimekwisha kulipiwa, na kinachohitajika ni mtu anayeijua lugha na kuweza kuiandika. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wazungumzaji wengi wa lugha hizi wamesoma kwa Kiswahili tu na hawajawahi kuandika lugha yao, na tahajia hazikubaliki kwa wote. Lyndon Harries, mmisionari aliyefanya kazi Masasi, aliandika sarufi ya Kimwera iliyochapishwa mwaka 1950, lakini vitabu vya namna hiyo viliandikwa kwa wataalamu, havikukusudiwa mtoto wa miaka sita.

Pia ubora hutofautiana. Kwa kuwa yeyote anaweza kupakia tafsiri, baadhi ya hadithi za Kiswahili zina upatanisho mbovu au maneno yaliyotafsiriwa neno kwa neno. Mwalimu hana budi kusoma kitabu chote kabla ya kukichapa.

Kutoka Kiswahili hadi Kihispania

Kihispania hakifundishwi katika shule za msingi za Tanzania, na katika Afrika nchi huru yenye Kihispania kama lugha rasmi ni Guinea ya Ikweta. Hata hivyo wapo watoto wa Kiswahili wanaokutana nacho, hasa walio katika familia za Waafrika Mashariki nchini Marekani na Uhispania. Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada kimechukua hadithi 40 za African Storybook na kuziweka katika tovuti ya Storybooks Canada kwa lugha nyingi, zikiwemo Kiswahili na Kihispania. Mtoto anaweza kusikia hadithi ya Kiafrika kwa Kiswahili leo, na wiki ijayo akaipata hiyohiyo, kwa picha zilezile, kwa Kihispania. Utaratibu ni uleule wa Ndanda, ila Kiswahili sasa kinashika nafasi ya Kimakonde: ndicho lugha ya kuelewea.

Mtoto wa Kiswahili ana mtaji mzuri kwa lugha hii. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Herufi ñ ni ny ya "nyumba", na ch ni ileile. Mambo machache yanahitaji kufundishwa: h haitamkwi, qu husomwa k, j hukaribia kh ya Kiarabu, na v husikika kama b, hivyo vaca, yaani ng'ombe, huanza kama "baka". Upatanisho nao si mgeni kwake. Kihispania kina jinsia mbili za nomino, na kivumishi hufuata: la casa roja ni nyumba nyekundu, el pájaro rojo ni ndege mwekundu. Aliyezoea ngeli zaidi ya kumi hashtushwi na mbili. Swali la bibi aliyepoteza vitu huwa jepesi kuliko la Kiswahili, kwani ¿dónde está mi...? halibadiliki kutoka kisu hadi ufunguo.

Maneno ambayo Kiswahili kilipokea kutoka Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania, husaidia pia. Meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino. Lakini mengine hudanganya. Pera kwa Kiswahili ni tunda la mpera, lenye mbegu nyingi ndogo. Pera ya Kihispania ni peasi. Papa wa Kiswahili yuko baharini, papa ya Amerika ya Kusini ni kiazi, na bata ya Kihispania ni joho la kuvaa nyumbani, wakati ndege mwenyewe huitwa pato. Mtoto akiwa na picha mbele yake hapotezwi na maneno hayo, bali huyacheka na kuyakumbuka.

Safari ya upande mwingine ilifanywa mapema. Mwaka 1971 Muriel Feelings na mchoraji Tom Feelings walitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa Marekani, na mwaka 1974 Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott kwa michoro yake. Havikuwa tafsiri kwa maana kamili, bali vilimfundisha mtoto neno moja la Kiswahili kwa kila ukurasa kwa nguvu ya picha.

Mjadala

Hoja ya kuanza na lugha ya nyumbani ilitolewa na UNESCO tangu mwaka 1953, na mtafiti Jim Cummins wa Kanada aliieleza baadaye kwa kusema kwamba ujuzi wa kusoma uliopatikana katika lugha moja huhamia katika nyingine. Wanaopinga nchini Tanzania wana hoja nzito. Nchi ina lugha zaidi ya 100, madarasa ya miji yamechanganyika, na Kiswahili kimewalinda Watanzania na migawanyiko iliyowasumbua majirani. Wazazi wengi wa Masasi na Newala wenyewe hawadai Kimakonde au Kimakua shuleni. Wanadai Kiingereza, kwa kuwa ndicho kinachosubiri katika kidato cha kwanza.

Katika mabishano hayo kitabu cha picha kina nafasi ya pekee, kwani hakihitaji mabadiliko ya sera. Kitabu kinabaki cha Kiswahili kama mtaala unavyotaka, na lugha ya nyumbani inaingia kwa mdomo wa mtoto wakati wa kuzungumzia picha. Mipaka yake nayo ni wazi. Vitabu vya ziada huhitaji ithibati kabla ya kutumika rasmi shuleni. Miradi ya wafadhili hufika mwisho na vitabu huchakaa bila kubadilishwa. Mwalimu aliyehamishwa huondoka na ujuzi wake wa lugha ya kijiji, na anayekuja huanza upya. Katika shule nyingi za vijijini vitabu vya hadithi ni vichache kuliko madarasa, na kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapoanza, hata watoto wa kuvisoma hupungua, kwa kuwa wakubwa wanakwenda kuokota na wadogo wanakwenda nao.